Somo kwa madalali: kukaa na mwenye nyumba kabla ya kupandisha tangazo

Wadau, nimechoka kujibu ujumbe ule ule: "Mkuu, nimepata mtu anauza nyumba, naanzia wapi?" Naandika hapa mara moja. Upande wa mnunuzi siugusi.

1. Hakikisha unaongea na mwenye haki ya kuuza. Ona hati, linganisha na kitambulisho, uliza kuhusu mwenza, warithi na rehani ya benki. Majina yakiwa mawili, kaa na wote wawili kwa pamoja.

2. Uliza kwa nini anauza na anatakiwa awe ametoka lini.

3. Kagua mwenyewe. Fungua mabomba, washa taa, tazama dari.

4. Bei. Hapa tulieni.

Mwenye nyumba atakuuliza mkiwa bado mlangoni: "Unaona itaenda kwa ngapi?" Usitaje. Namba utakayoitoa pale, hata kwa utani, ndiyo atakayolala nayo, na ukija na pungufu baadaye atasema umemgeuka. Mwambie utarudi. Nenda katafute bei za nyumba za karibu zilizofanana na yake kwa ukubwa, umri na hali, na ziwe ZIMEUZWA. Bei ya tangazo ni dua ya muuzaji mwingine ambayo bado haijajibiwa. Matangazo yaliyododa yachukue pia, maana yanaonyesha wanunuzi waligomea wapi. Kisha mpe makaratasi ayasome mwenyewe, halafu mpigie hesabu ya kitakachobaki mkononi: bei, toa deni la benki, kodi na ada, matengenezo, kamisheni yako. Ugomvi mwingi wa bei unatokana na mtu kuwa na hesabu nyingine kichwani, ya nyumba anayotaka kuhamia.

ONYO: usikubali bei usiyoiamini ili tu upate mkataba. Najua inavyokuwa: dalali mwenzako ametaja kubwa, unaogopa kunyang'anywa mteja, na wewe unapandisha. Nyumba hutazamwa zaidi siku za mwanzo, maana wanunuzi wanaosubiri wanaiona kwa mara ya kwanza. Siku hizo zikipita kwa bei ya juu, utashusha, na watu wataanza kuulizana ina kasoro gani. Lawama zote zitakuwa zako, na aliyetaja ile kubwa hayupo.

ONYO LA PILI: aking'ang'ania bei yake, andikianeni mapema kwamba muda fulani ukipita bila ofa, mtashusha hadi kiasi fulani. Iandikwe kabla ya tangazo kutoka. Mkishanuniana hamtaandika kitu.

5. Mkataba wa udalali uwe wa maandishi: muda, kamisheni, nani analipa na lini, uko peke yako au na wengine.

6. Usafi, vitu vipunguzwe, picha zipigwe mchana.

7. Kasoro zisemwe. Unyevu uliopakwa rangi juu hurudi, na mnunuzi hurudi nao.

8. Mpigie mwenye nyumba kila wiki, hata kama hakuna jipya. Mweleze waliokuja walisema nini, kwa maneno yao.

9. Kila ofa imfikie, hata ile inayotia hasira. Wewe si wa kumchujia.

MASWALI

Funguo3: Mkuu, sasa nyumba ya vyumba vitatu niiweke bei gani?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Funguo3: Nimesoma. Nataka makadirio tu.

Mwandishi: Ya nyumba ambayo sijaiona, mahali nisipopajua? Hapana.

Daftari_Jekundu: Samahani, kuna mama soko limeshuka lakini hataki kwenda chini ya bei aliyonunulia. Karatasi zote nimemwonyesha. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Hujakosea, dada. Genesove na Mayer walichapisha mwaka 2001 utafiti wa nyumba za ghorofani katikati ya Boston, miaka ya 1990. Waliokuwa wanauza kwa hasara walipandisha bei ya kuanzia kwa asilimia 25 hadi 35 ya pengo kati ya bei waliyonunulia na bei iliyotarajiwa sokoni. Walipouza walifidia asilimia 3 hadi 18 tu ya pengo hilo, na nyumba zao zilichelewa sana kuuzwa. Kwa hiyo ubishi wake una faida kidogo, ila anailipia kwa kusubiri. Usibishane naye kuhusu bei. Kaeni mhesabu kila mwezi wa kusubiri unamgharimu nini: marejesho ya mkopo, ulinzi, matengenezo. Akiona bado anamudu, mwache asubiri, ni nyumba yake.

Mkongwe: Karatasi za nini? Jicho la dalali mzoefu halidanganywi na bei ya mwenye nyumba.

Mwandishi: Mwaka 1987 watafiti Northcraft na Neale waliwapeleka madalali kwenye nyumba ile ile wakiwa wamepewa bei tofauti za tangazo. Waliopewa kubwa walikadiria juu, waliopewa ndogo wakakadiria chini, na wachache tu walikiri kwamba bei hiyo iliwagusa. Jicho lako unalijua mwenyewe, mkuu.

Kitasa: Mwenye nyumba kataja anachotaka mkononi, cha juu ni changu. Kuna ubaya?

Mwandishi: Upo. Kuna sehemu sheria inakataza hata akikubali. Na kama hajui umeuza kwa ngapi, huo ni wizi.

Kitasa: Wengi wanafanya.

Mwandishi: Haya.

Mlango_Wazi: Wangu anataka awepo kila mnunuzi akija. Nimzuieje bila kumuudhi?

Mwandishi: Mwambie ukweli: mbele ya mwenye nyumba mgeni husifu kila kitu, akitoka nje ndiyo anasema jiko ni dogo. Mnayakosa hayo maoni. Pia mwenye nyumba huropoka. Akisema "tunahama mwisho wa mwezi", mnunuzi ameshajua ana haraka. Apange shughuli za nje saa hizo.

Daftari_Jekundu: Wa kwangu anatoka ila mbwa anabaki sebuleni.

Mwandishi: Mbwa atoke naye. Na harufu, muulize mtu asiyekaa humo, wenyeji wameshaizoea.

Mlango_Wazi: Naongezea: kabla ya picha, kifuniko cha choo kifungwe.