Gurudumu likicheza, anza na gololi

Gurudumu la baiskeli kuukuu likiyumba kushoto kulia, usikimbilie kununua habu (kitovu cha gurudumu) nzima. Fungua ekseli juu ya kitambaa, maana gololi hutawanyika. Zihesabu: habu nyingi za nyuma hubeba 9 za robo inchi kila upande, za mbele 10 ndogo zaidi. Badilisha zote pamoja. Ukichanganya mpya na za zamani, mpya huwa kubwa kidogo, zinabeba mzigo peke yao na kupasuka.

Pitisha ukucha kwenye koni (nati ya ekseli inayobana gololi). Ukikwama kwenye vishimo, koni nayo itupwe. Ni ya bei ndogo. Osha bakuli (sehemu ya habu zinapokaa gololi) kwa mafuta ya taa, paka grisi (oili chafu ya injini haifai), kisha kaza koni hadi mchezo uishe tu. Ukikaza kupita kiasi, gurudumu litakwaruza.