Chianti Classico na meza yake

Chianti Classico, mvinyo mwekundu wa Toscana, Italia, lazima uwe na angalau asilimia 80 ya zabibu za Sangiovese, na zabibu hizo zina uchachu mwingi. Ndiyo maana unapatana na tambi za mchuzi wa nyanya: mvinyo usio na uchachu hupooza mbele ya nyanya, ukawa kama maji. Mwenzake hasa ni steki nene ya ng'ombe iliyobaki nyekundu ndani. Mafuta na protini hulainisha ukakasi wa tanini (kemikali za maganda na mbegu za zabibu) unaokausha ulimi. Pilipili kali iache, itawasha maradufu. Samaki wa mafuta nao huacha ladha ya chuma mdomoni. Chupa ikitoka kwenye chumba chenye joto, iweke friji kama dakika 40, ifike nyuzi 16 hadi 18. Ikiwa vuguvugu, pombe ndiyo hutangulia puani.