Kusoma fomu za SEC unaposikia tetesi za kampuni kununuliwa

Tetesi zikianza kuvuma kwamba kampuni fulani inanunuliwa, wengi hukimbilia grafu ya bei. Anza na EDGAR, hifadhi ya nyaraka ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani. Ni bure, na anayedanganya humo anaweza kushtakiwa.

Hatua ya 1: Tafuta 13D na 13G

Anayevuka asilimia 5 ya hisa za kampuni lazima ajitangaze kwa fomu moja kati ya hizi. 13G ni ya mwekezaji asiyekusudia kushika usukani. Mwenye nia hiyo hujaza 13D. Tangu Februari 2024, 13D inatakiwa ndani ya siku 5 za kazi (zamani zilikuwa 10 za kalenda), kwa hiyo unapoisoma, mwenyewe huenda ameshaongeza hisa nyingine. Aliyehama kutoka 13G kwenda 13D mtazame kwa makini zaidi.

Hatua ya 2: Nenda moja kwa moja kipengele cha 4

Kazi kubwa iko hapa. Kipengele hiki cha 13D hueleza kusudi la ununuzi. Utakuta sentensi ndefu kwamba mwenye hisa "anaweza kuzungumza na uongozi, kununua zaidi au kuuza". Mawakili huinakili kila mahali, usiitilie maanani. Fungua toleo la awali na marekebisho yake, 13D/A, uyaweke sambamba, kisha tafuta kilichobadilika: barua kwa bodi, mkataba wa usiri, ahadi iliyofutwa. Kipengele cha 3 kitakuambia fedha zimetoka wapi, na cha 5 kina miamala ya siku 60 zilizopita pamoja na bei zake.

Chukua Twitter. Tarehe 4 Aprili 2022 Elon Musk alijitokeza kwa 13G akiwa na asilimia 9.2. Kesho yake ikaja 13D: angepewa kiti kwenye bodi, na akiwa humo asingevuka asilimia 14.9. Kisha akakataa kiti. Magazeti yaliandika kama vile amejitoa, kumbe kikomo kilikuwa kimeondoka pamoja na kiti. Tarehe 14 marekebisho yakaleta ofa ya dola 54.20 kwa hisa.

Hatua ya 3: Sikiliza upande wa kampuni

Fomu 8-K, ambayo kampuni hutangazia matukio makubwa, hutoka ndani ya siku 4 za kazi baada ya tukio. Tafuta "kidonge cha sumu", yaani mpango wa kumfanya mnunuzi asiyetakiwa alipe gharama kubwa mno. Bodi ya Twitter ilipitisha wake siku moja baada ya ofa, kizingiti kikiwa asilimia 15. Angalia pia mikataba mipya ya kuwalipa vigogo fidia endapo umiliki utabadilika, ingawa mara nyingi hiyo ni desturi tu.

Hatua ya 4: Fomu 4

Vigogo wakinunua hisa za kampuni yao, huripoti kwa fomu hii, na mitandao hushangilia. Mimi hupunguza matumaini. Anayejua kuna mazungumzo ya siri ya kuuza kampuni haruhusiwi kununua, hivyo manunuzi yao yanaashiria kwamba pengine hakuna mazungumzo. Wakinyamaza, usihitimishe lolote: kuna vipindi ambavyo kampuni huwazuia kabisa.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi kwa dili lililokwisha

Chagua kampuni iliyokwisha kununuliwa kwa kura ya wanahisa, fungua DEFM14A yake, yaani waraka waliopewa wanahisa kabla ya kura hiyo, usome sehemu ya historia ya mazungumzo. Humo kuna tarehe za simu, vikao na ofa zilizokataliwa, za wanunuzi waliofichwa majina. Zilinganishe na fomu zilizokuwa hadharani wakati huo, uone ni ipi ilikuwa na dalili na ipi ilikuwa kelele.