Mdada kaingia emajensi tumbo linauma: anza na ultrasaundi hivi

Mdada wa umri wa kuzaa kaletwa, tumbo la chini linauma, amepauka, mapigo yanakimbia, hapo usisubiri foleni ya redioloji. Nesi aweke kanula (vijimpira vya mshipani) mbili kubwa na achukue mkojo wa kipimo cha mimba, kidogo tu, mgonjwa asikojoe wote, wewe vuta mashine mpaka kitandani.

Chukua probu (kile kichwa cha mashine unachogusisha mwilini) ile kubwa ya mviringo, 2 hadi 5 MHz, jeli usiibanie, mlaze chali. Iweke ubavuni kulia, alama ielekee kichwani, tafuta ini na figo. Ukiona utepe mweusi katikati yao ni majimaji, na kwa mgonjwa kama huyu wewe waza damu kwanza. Ila usiishie hapo, shusha hadi uone ncha ya chini ya ini, wengi wanaikosa damu pale na ndo inapoanzaga kujikusanya. Halafu njoo juu ya kinena, cheki kizazi na nyuma yake, kibofu kikiwa na mkojo unaona vizuri ndo maana sipendi watu wanaokimbilia katheta, ule mpira wa kutoa mkojo.

Kipimo cha mimba pozitivu, kizazi kitupu, tumboni majimaji? Ichukulie ni mimba ya nje ya kizazi imepasuka, piga simu gaini (madaktari wa magonjwa ya wanawake) na thieta, agiza damu. Majimaji hamna? Bado usimruhusu aende nyumbani, picha safi haimaanishi mimba ya nje haipo, rudia baada ya muda mfupi, na presha ikishuka rudia saa hiyohiyo.