Kupiga Picha za Mwanga Kwenye Kuta za Zege za Tadao Ando: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni kwa mpiga picha mwenye kamera ambayo anaweza kuipangia mwanga mwenyewe, na anayetaka kwenda kupiga picha majengo ya Tadao Ando nchini Japani. Ando alizaliwa Osaka mwaka 1941, alijifunza usanifu majengo peke yake bila kupitia chuo, na mwaka 1995 alitunukiwa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo. Kuta zake hazipakwi rangi wala hazipigwi plasta, kwa hiyo kitu kinachobadilika juu yake tangu asubuhi hadi jioni ni mwanga tu. Hatua zote zinazofuata zinalenga mahali pamoja: pale ambapo mwanga na kivuli vinakutana juu ya zege.

Hatua ya 1: Chagua jengo linaloruhusu kazi yako

Anza na Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Mkoa wa Hyogo, lililofunguliwa mwaka 2002 ufukweni mwa Kobe, katika miaka ya kuujenga upya mji huo baada ya tetemeko la ardhi la 1995. Ngazi zake za mzunguko ziko wazi kwa anga, na nje kuna kuta ndefu za kufanyia mazoezi. Awaji Yumebutai, katika kisiwa cha Awaji, ni pazuri vilevile, kwa sababu bustani, ngazi na kumbi zake za wazi zimeenea kwenye mteremko mzima. Jumba la Chichu lililoko kisiwani Naoshima (2004) huenda ndilo linalochezea mwanga kuliko yote, lakini ndani yake kupiga picha kumekatazwa; nenda ukatazame tu. Kanisa la Mwanga la mjini Ibaraki (1989) ni nyumba ya ibada yenye waumini wake, kwa hiyo omba nafasi mapema na ufuate masharti utakayopewa. Kokote uendako, uliza kuhusu tripodi kabla ya kufungua begi.

Hatua ya 2: Soma jua la huko, si la nyumbani

Aliyezoea kupiga picha Dar es Salaam amezoea jua linalopita utosini mara mbili kwa mwaka na kuhama upande, mara kaskazini, mara kusini. Kobe iko karibu nyuzi 35 kaskazini mwa ikweta, na huko jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Mwishoni mwa Juni hupanda hadi nyuzi 79 hivi. Mwishoni mwa Desemba huishia nyuzi 32.

Tofauti hiyo hubadilisha kila kitu. Katika uwazi wa mviringo ulio wazi juu, jua la adhuhuri la Desemba huteremka ukutani kwa kina cha takriban sehemu sita kwa kumi za kipenyo cha uwazi huo, wakati la Juni linaweza kufika kina cha mara tano ya kipenyo hichohicho. Anayetaka mwanga ufike chini kabisa aende kiangazi cha huko, yaani katikati ya mwaka, ingawa akumbuke kwamba Juni na nusu ya kwanza ya Julai ni msimu wa mvua. Binafsi napendelea majira ya baridi ya huko, karibu na Desemba, kwa kuwa vivuli ni virefu na mtu hana haja ya kungoja jioni.

Hatua ya 3: Nyoosha kamera kwa pimamaji

Ukiinua kamera ili upate kichwa cha ukuta, mistari ya wima huanza kuegemeana, na kwenye jengo ambalo fundi wake alilinda timazi kwa milimita, kosa hilo huonekana papo hapo. Washa pimamaji la ndani ya kamera, iweke sawa, kisha piga kwa lenzi pana, kama ya milimita 24, na ukate sehemu ya sakafu iliyozidi baadaye. Lenzi ya kuteleza, ambayo husogezwa juu bila kuinua kamera, hufanya kazi hii vizuri zaidi, ila bei yake si ya mchezo.

Hatua ya 4: Pima mwanga kwenye sehemu inayowaka

Hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Kamera ikiachwa iamue yenyewe ndani ya ukumbi wenye giza, hujaribu kukiangaza kivuli, na ule mstari wa jua uliokuleta huungua na kuwa doa jeupe lisilo na chochote ndani yake. Weka kamera kwenye upimaji wa nukta, elekeza nukta hiyo kwenye zege lililopigwa na jua, kisha ongeza stopu moja, yaani mwanga maradufu, kwa maana kamera hudhani kila inachokipima ni kijivu cha kati, na zege lenye jua linapaswa kuonekana jeupe kuliko hapo. Funga vipimo hivyo kwa mkono: ISO 100, f/8 au f/11, na kasi ya shata iwe itakavyokuwa.

Kivuli kitaonekana kizito kwenye kioo cha kamera. Kiache. Piga faili ghafi (RAW), na hakikisha tu kwamba histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa giza na mwanga, haijagonga ukingo wa kushoto, upande wa giza. Kwa mwanya kama ule wa umbo la msalaba uliokatwa kwenye ukuta wa Kanisa la Mwanga, ambako anga huonekana moja kwa moja, pima ukuta unaopakana na mwanya wenyewe, na ukubali kwamba mwanya utakuwa mweupe kabisa.

Hatua ya 5: Subiri mwanga uparaze ukuta

Zege la Ando humwagwa kati ya mbao bapa zenye upana wa sentimita 180 na kimo cha sentimita 90, vipimo vinavyokaribiana na mkeka wa tatami, na kila ubao huacha vitobo sita ukutani. Jua likiupiga ukuta uso kwa uso, alama hizo hufifia. Likiupitia kwa pembe ndogo, kila kitobo hushika kivuli chenye umbo la mwezi mwandamo, maungio ya mbao hujichora, na ukuta uliodhaniwa kuwa bapa huonyesha mawimbi hafifu na viputo vya hewa vilivyoganda humo.

Ukuta unaotazama kusini hupata mwanga huo karibu na adhuhuri ya Juni, pembe kati ya jua na ukuta ikiwa nyuzi 11 hivi. Ukuta unaotazama mashariki huupata muda mfupi kabla ya jua kuhamia magharibi, na huo ndio ninaoupendekeza, maana mwanga hudumu dakika chache kisha huzimika wote. Fika mapema, panga fremu ukihesabu mbao ili kingo za picha zikae kwenye maungio, halafu piga kila baada ya dakika mbili bila kusogeza tripodi. Mtu akipita, mpige pia: ukuta wa mbao nne kwenda juu una mita 3.6, na bila mtu mtazamaji hawezi kulijua hilo.

Hatua ya 6: Hariri kwa mkono mwepesi

Weka joto la rangi kwenye Kelvini 5,200 hadi 5,500 kwa picha zote za mfululizo mmoja. Zege lililo kivulini hupokea rangi ya anga na kuwa la buluu kidogo, lililo juani huwa na joto. Ukiondoa tofauti hiyo, ukuta hufa. Inua vivuli kidogo tu, hadi maungio ya mbao yaanze kuonekana gizani, usiende mbali zaidi. Kitelezi cha kukoleza umbile usikiguse kabisa: zege hili ni laini likiguswa, na kitelezi hicho hulifanya lionekane kama ukuta wa karakana uliopigwa mvua miaka mingi.