Singo ya biharusi, jitengenezee mwenyewe nyumbani

Jamani wenzangu wa bara mnaniuliza sana singo ndo nini, mnajua skrabu ya kopo tu. Singo ndo ile biharusi wa Unguja na mwambao anasuguliwa na somo wake, yule mama anayemfunda, siku kadhaa kabla ya harusi, mwenyewe kafungiwa ndani hata dukani hatumwi.

Anza na maua. Asmini, mawaridi, langilangi, ukipata rehani na mpompia tia, kilua kama kipo. Toa vikonyo vyote, anika kivulini, maana juani harufu yote inakwenda na upepo. Yakivunjika mkononi kama papadi hapo tayari, twanga, chekecha. Karafuu punje tano sita tu kwa bakuli zima! Mimi nilimtilia mdogo wangu kiganja kizima, ikamwasha, akalala na feni imeelekezwa miguuni usiku kucha, mpaka leo ananisema.

Halafu liwa, ule mti wa kunukia, haitwangwi. Unachukua kigogo chako, unadondoshea marashi, yaani maji ya mawaridi sio pafyumu, kwenye jiwe halafu unasugua duara duara, inatoka uji mzito kidogokidogo na mkono utauma, vumilia tu, ya unga ya dukani mie siiamini. Changanya na ule unga wa maua, ongeza marashi mpaka ishikane kama donge laini la chapati.

Kupaka sasa. Tandika shuka kuukuu, jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko, usipowashwa paka mwili, uso uache. Usisubiri ikauke kabisa, itakukwaruza, ikiwa bado ina unyevu kidogo ndo unasugua kwa kiganja na utaona inadondoka vinyuzinyuzi vyeusi, usishtuke, ni singo yenyewe imeshikana na ngozi iliyokufa na taka zako hizo. Oga maji matupu, sabuni ya nini tena. Halafu chetezo, kile chombo cha kufukizia, makaa yakishapata jivu jeupe weka kipande cha udi, jifunike kanga ufukize.

Ila singo imalizwe kabla ya hina, msije mkafanya kinyume, kwa sababu hina inashika kwenye ngozi ya juu na ndo hiyo hiyo singo inayoitoa, pesa ya mchoraji yote kwenye shuka. Na mchoraji akija na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, muulize kachanganya nini, wengine wanatumia rangi ya nywele yenye kemikali inaitwa PPD, hiyo inaweza kubabua mpaka malengelenge. Hina ya kweli inaanza rangi ya chungwa, inakolea kwa siku mbili hivi, kwa hiyo mwite siku mbili kabla, sio asubuhi ya harusi.