Namna ya Kupunguza Kilo Zilizoongezeka Wakati wa Kafyu ya Korona

Kafyu iliyoanza nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa Oktoba 2021 iliwabadilishia wengi mwenendo wa siku nzima: aliyezoea kutembea hadi stendi ya matatu asubuhi na jioni alibaki akitoka chumbani hadi sebuleni, na jiko likawa hatua chache kutoka mezani pake pa kazi. Kilo hizo ziliingia kwa mazoea madogo ya kila siku, kwa hiyo yafaa kuyatafuta mazoea hayo na kuyarekebisha, wala si kujinyima chakula wiki mbili kisha kurudi palepale.

Jipime asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki, kwa mzani uleule, kisha zungusha tepu kiunoni. Kiuno kinachozidi sentimita 80 kwa mwanamke, au 94 kwa mwanamume, huashiria kwamba hatari ya kisukari na maradhi ya moyo imeongezeka. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha kabisa.

Kisha kagua chai, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyopuuzwa zaidi. Anayeshinda nyumbani na chupa ya chai kando yake hunywa kwa urahisi vikombe vitano, na akitia vijiko viwili vya sukari katika kila kikombe, hivyo ni vijiko kumi, yaani takriban gramu 40, ilhali Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Punguza nusu kijiko kila wiki, na ulimi utazoea bila vita.

Mafuta nayo yanahitaji kipimo. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 120, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye mtungi hutia vitatu au vinne bila kujua. Pima kwa kijiko kabla ya kutia kwenye sufuria, na kitunguu kikianza kushika chini, nyunyizia maji kidogo. Ugali usiuache, upe robo ya sahani, sukuma wiki au kabichi ichukue nusu, na robo iliyobaki iwe ya maharagwe, samaki au nyama.

Kuhusu mazoezi, dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki ndizo kiwango cha chini kwa mtu mzima, na kushuka matatu kituo kimoja kabla ya kwako huchangia.

Anayetumia dawa za kisukari au presha amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa kuwa huenda dozi ikahitaji kubadilishwa. Naye aliyekonda katika kipindi hicho bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi kisichoisha au kiu isiyo ya kawaida, asifurahie mzani, bali aende akapimwe.